Tangi la Baba na Mashine Zako

4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungeandika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hivyo vyumba vya baridi unavyovihangaikia vinagandisha sawasawa. Sisi huku hatujambo. Baba anaamka, anakunywa chai yake, anakaa kwenye kiti chake mbele ya tangi la samaki, na hapo hatoki mpaka nimwite kula. Mkono wa kulia umelala vilevile tangu apooze. Maneno anayo matatu tu yanayotoka vizuri: "hapana", "maji", na lile lake la "bado", ambalo hunipa kila nikimaliza kusafisha tangi na kujiona nimemaliza. Mkanda wa cherehani ulikatika, nimeweka mwingine. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba.

Naandika kwa sababu kwenye simu mtandao wako una tabia ya kukatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haikatiki.

Sanduku lako limefika. Nilipomwona kondakta akilishusha kwa mikono miwili nilidhani ni nguo zako, kwamba unatanguliza mizigo. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, nikalifungua mbele ya Baba kwa mkasi wangu wa vitambaa, ambao unajua sikati nao kitu kingine. Ndani nikakuta mashine ya umeme ya kunyonya uchafu, chujio lenye pampu, sumaku mbili za kusugulia kioo, na karatasi ya maelekezo kwa lugha zote za dunia isipokuwa ninayoisoma.

Sasa nisikilize. Tangi hili Baba alilijenga mwenyewe, kioo kwa kioo, akaliziba kwa gundi, na mimi nalisafisha kwa vitu vilivyomo humu ndani. Uchafu wa chini nautoa kwa mpira, ndoo ikiwa sakafuni. Ile kazi ya kunyonya mpira mpaka maji yaanze kushuka ilikuwa yako. Tangu uondoke, anayeonja maji ya samaki ni mimi. Utando wa kijani naukwangua kwa kadi ya simu ya zamani, na kwenye kona naingiza mswaki. Yale madoa meupe ya ukingoni nayafuta kwa kitambaa chenye siki, tena kwa nje. Takataka zinazoelea nazinasa kwa soksi ndefu niliyoivisha kwenye waya. Samaki wote watano wapo, na Mkaguzi, lile dume kubwa la rangi ya chungwa, anapita kila asubuhi kioo hadi kioo kuangalia kama nimezembea.

Sikukuomba mashine. Nilichokuomba unakijua. Tulikubaliana mbele ya Baba kwamba wewe utatangulia, mkataba wako ukiisha mwezi wa sita utarudi ukae naye, na mimi niende. Mwenye karakana ya sare ananishikia ile nafasi ya mkataji mkuu mpaka mwanzo wa mwezi wa saba. Baada ya hapo anampa mwingine, na amenieleza hivyo bila kumung'unya maneno. Nimekuwa nikishona sketi za watu hapa mlangoni tangu Mama atutoke. Nataka kukata kitambaa kwenye meza ndefu kabla macho yangu hayajachoka. Basi niandikie tarehe. Tarehe tu.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba nimwamkie, shikamoo. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi kidogo cha kuingia na kutoka kwenye baridi. Juzi mashine kubwa ya ghala la nyama ilizimika, tukahangaika nayo kutwa nzima huku mwenye ghala amesimama nyuma yetu ameshika kiuno. Shati ulilonishonea bado linanikaa. Pole kwa mkanda wa cherehani. Lile paa mwambie fundi aliweke lami, mimi nilikuwa na haraka.

Dada, nimesoma habari za soksi na waya nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanigeukia. Hebu tulinganishe taratibu, bila kununiana. Mpira wako unatoa nusu ya maji kabla hujafika kona ya pili, kisha unaanza kubeba ndoo za kujazia. Mashine inanyonya uchafu, inaubakiza kwenye mfuko wake, na maji yanarudi yalikotoka. Kadi yako inakudai uingize mkono mpaka kwapani na samaki wanaparamiana kwa hofu. Sumaku unaweka moja ndani na moja nje, unaburuta ya nje, ya ndani inaifuata huku inasugua, na wewe ni mkavu. Mswaki sitasema kitu.

Kuhusu chujio, lile la Baba la chupa iliyokatwa, lenye sponji, kokoto na mpira wa hewa unaotoa mapovu, lipumzishe. Lilikuwa zuri kwa wakati wake. Funga hilo jipya mahali pake, na kila wiki toa sponji uioshe mpaka ing'ae. Uchafu ni adui, Dada. Kazini kwetu kitu kisipong'aa hakijasafishwa.

Hayo mengine tutayazungumza, wala tusiyaharakishe. Niandikie mashine zinafanyaje kazi.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na Baba ameipokea shikamoo yako kwa kuinua nyusi. Kikohozi kinywee maji ya moto, uvae kitu kifuani. Una umri wa kujua hayo. Jirani yetu mwenye duka amehamia upande wa pili wa barabara na sasa anajiona mgeni, anatusalimia kwa kupunga mkono. Paa linavuja. Lami haijajipaka yenyewe.

Umetaka kujua mashine zinafanyaje kazi. Vuta kiti.

Ile ya kunyonya niliiwasha nikaipeleka chini kama picha inavyoonyesha. Ikala uchafu, ikala changarawe, changarawe ikakwama kooni mwake, ikaanza kunguruma na kutetemeka mkononi mwangu mpaka nikaiachia ndani ya maji na kukimbilia swichi. Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso wake. Sijamwona akicheka tangu augue, na kwa hilo nakushukuru. Kwa lingine lolote sikushukuru.

Chujio lako nililifunga. Nikalitoa la Baba nikaliweka nyuma ya jiko. Wiki ilipoisha nikafanya kama ulivyoagiza, Bwana Usafi: nikatoa sponji, nikaipeleka bombani, nikaikamua na kuikamua mpaka ikarudi rangi ya dukani. Muda wote huo Baba anapiga mkono wa kiti kwa kushoto kwake, "hapana, hapana", na ananionyesha ndoo ya maji machafu niliyotoka kuyavuta tangini. Nikadhani ndoo inamkera. Nikaichukua nikaimwaga.

Siku ya pili maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Siku ya tatu wale wawili weusi walikuwa wanaelea ubavu, na Mkaguzi yuko juu kabisa, mdomo nje, anavuta hewa. Baba hakula. Alinitazama mimi, akaitazama ndoo, na hapo ndipo akili ikanirudia. Lini ulimwona Baba akiosha sponji bombani? Alikuwa akiikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, mara mbili tatu, akairudisha na uchafu wake kidogo. Alikuwa akituambia kwamba kuna uchafu unaokula uchafu, na ukiufukuza wote samaki wanakosa mtumishi. Tulimsikia wote wawili. Mimi nimesahau, na wewe umeniagiza nisahau.

Chupa yake ilikuwa ingali na unyevu kule nyuma ya jiko. Nimeirudisha. Nabadilisha maji kidogo kidogo, yaliyolala kwenye ndoo wazi ili ile dawa ya bomba iondoke. Watatu wamebaki. Maji yameanza kuonekana.

Ila sumaku, na ninaliandika hili meno yakiwa yameumana. Niliibandika kwenye kioo nikaisahau. Baba akanyoosha mkono wake wa kushoto kutoka kitini, akaishika, akaivuta. Ya ndani ikafuata. Akaivuta tena. Sasa hiyo ndiyo kazi yake kutwa, na kila mahali mkono wake unapofika kioo ni safi kuliko nilivyowahi kukifanya mimi. Akifika mwisho anasema "bado", namsogeza na kiti chake, anaendelea. Mtu aliyekaa miezi anatazama nikifanya vibaya kazi yake, sasa anaifanya mwenyewe. Hapo umenishinda, na imeniudhi.

Umeandika karatasi mbili mbele na nyuma. Mswaki wangu umeupatia nafasi. Tarehe hukuipatia.

Dada yako

25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenisonga na kulikuwa na mambo ya kuhamisha vitu. Kikohozi kimeisha. Pole sana kwa wale wawili, nilijisikia vibaya kweli. Habari ya Baba na sumaku nimeisoma mara nyingi.

Naomba uniambie mambo machache. Sponji ukiikamua kwenye maji ya tangi, unajuaje imetosha? Ile chupa ya Baba matundu alitoboa upande wa chini peke yake au na ubavuni? Na kwenye tangi dogo, tuseme la kukaa mezani, kona ambazo sumaku haiingii unazifanyaje? Maana unasafisha jioni vizuri kabisa, asubuhi ukiamka kioo kimeshaanza ukijani. Na hayo maji ya ndoo yanalala kwa muda gani?

Nauliza kwa ajili ya mwenzangu mmoja hapa kazini mwenye samaki.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba hajambo, amenenepa kidogo usoni. Nimemaliza sare za kwaya, mikono inaniuma. Mwenye karakana ameniandikia tena na ameniuliza swali lilelile ninalokuuliza wewe, na mimi nimemjibu kwa maneno ya juu juu kama unavyonijibu wewe. Sikujipenda.

Mpe mwenzako majibu haya. Sponji imetosha pale maji yanapopita bila kusukumwa. Asisubiri iwe nzuri, asubiri ipitishe. Chupa ya Baba imetobolewa chini na ubavuni, ubavuni hadi usawa wa kokoto, si juu ya hapo. Maji yalale kutwa nzima au usiku kucha, ndoo ikiwa wazi, na asibadilishe tangi lote kwa mkupuo. Kona ni mswaki, ule uliouchekea, wa nywele laini. Tena asiukimbilie utando wenyewe, atafute unakotoka. Kama tangi liko karibu na dirisha, jua linampandia bustani. Alisogeze. Na apunguze chakula, kwa sababu mwanamume anayeishi peke yake huwa anawalisha samaki kila anapokula yeye.

Sasa nina swali kwa huyo mwenzako. Umeandika kwamba asubuhi ukiamka kioo kimeshaanza ukijani. Unaamkia nyumbani kwake?

Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliiweka barua mezani nikaenda kukata kitambaa, nikakikata vibaya. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu anayehesabu miezi ya kurudi kwao hununua begi. Tangi la samaki si la kubeba. Anayelijaza maji ameshachagua ukuta, ameshachagua meza, ameshachagua atakaa. Ulihamisha vitu gani? Ulihamia wapi? Na mkataba wako unaisha lini, au umeshaisha ukaanza mwingine na sisi huku tunasukumana na kiti cha Baba toka kioo hiki hadi kile?

Sitaki mashine nyingine. Nataka sentensi moja ya kweli.

Dada yako

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho.

Tangi ni langu. Mwezi wa tatu walinipa usimamizi wa mafundi wote wa ghala na mkataba mpya, nikatia sahihi. Nikahamia nyumba ya vyumba viwili, ya chini, haina ngazi, maji yanatoka bombani ndani. Kila nilipotaka kukuandikia nilianza na habari za chujio na barua ikaisha. Nilikuwa naogopa, huo ndio ukweli.

Tangi nililinunua kwa sababu jioni chumba kilikuwa kimya mno. Nilikuwa nimezoea yale mapovu ya chupa ya Baba. Nikanunua na mashine zote, zilezile nilizokutumia, nikazifunga zote, nikaosha sponji mpaka ikang'aa. Wakafa wote. Nikanunua wengine, nikaosha zaidi, wakafa. Barua yako ya mwezi wa tatu ilinikuta na mfuko wa maji wenye samaki wa awamu ya tatu mkononi. Sasa mashine nimezima, natumia chupa ya maji niliyoitoboa kama ulivyoeleza, na mswaki. Wanne wanaishi. Nakutumia picha uone, na umwonyeshe Baba.

Dada, nimefikiri. Tungeweza kutafuta mtu wa kukaa na Baba mchana, na mimi nitakutumia kifaa kinacholisha samaki chenyewe, unakijaza tu. Na pengine mwenye karakana angekubali kukungoja mwaka mmoja. Anajua kazi yako.

Nisamehe.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za nyumbani utaziona kwa macho yako, kwa hiyo sizipotezei wino.

Nilipofika kwenye kifaa kinacholisha chenyewe nililia. Kisha nikakasirika, na hasira yangu ilikuwa ndefu, ulikuwa na bahati uko mbali. Mwaka mmoja, unasema, kama vile miaka yangu iko kabatini imekunjwa nichomoe mmoja nikupe. Halafu hasira ilipopungua nikaisoma barua tena, polepole, kama ninavyosoma vipimo vya mteja. Vyumba viwili. Ya chini. Haina ngazi. Maji ya bomba ndani. Ulichokiandika hapo, mdogo wangu, ni nyumba ya Baba, na wewe mwenyewe hukuona.

Basi tunakuja. Tunapanda basi tarehe mosi, tarehe mbili tunashuka kwako, mimi na yeye. Nitalala kwako siku moja nikuonyeshe anavyoogeshwa, anavyolishwa, na upande gani wa kitanda anaoutaka. Tarehe tatu naondoka kwenda karakana, na mwenye karakana nimeshamwandikia kwamba naanza tarehe nne. Usinipigie simu kunieleza kwamba una kazi nyingi. Na mimi nilikuwa na kazi nyingi, na mlango wangu ulikuwa wazi kwa wateja na Baba yuko nyuma yangu. Ulisema tutafute mtu wa kukaa naye mchana; vizuri, mtafute huko uliko, una wiki moja na ushee.

Mkaguzi anakuja ndani ya ndoo, kifuniko nimekitoboa matundu. Wale wadogo wawili nimempa jirani mwenye duka pamoja na soksi yangu na waya wake, akaniuliza mashine ya kisasa iko wapi, nikampa pia ile inayokula changarawe. Chujio lako la pampu nakurudishia. Tangi kubwa linafuata kwa gari la mizigo likiwa tupu, nitalikausha na kulivika magodoro mawili, na gundi ya Baba haijaachia hata mahali pamoja. Pima ukuta wako. Uwe mbali na dirisha.

Utauliza kama nilimwuliza mwenyewe. Nilimwuliza. Sikuwa na haki ya kumfungasha kama kabati. Nilimsomea barua yako yote, na pale uliposema unaogopa alifumba macho kidogo. Kisha nikampa ile picha, nikamwambia, "Baba, hili ni tangi la mwanao. Unataka kwenda kukaa huko?"

Aliishika kwa mkono wake wa kushoto akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu, chini, juu, changarawe, chupa. Kisha akaiweka gotini, akabandika kidole kwenye kona ya kushoto, ile karibu na meza, ambako kweli kuna ukijani ukiangalia vizuri.

"Bado," akasema.

Akavuta sumaku ya nje mpaka ukingoni mwa kioo, akanionyesha ya ndani niitoe majini. Akazifutia zote mbili kwenye suruali, akazitia mfuko wa shati, akafunga kifungo mwenyewe kwa vidole vya kushoto, nami nikamwacha ahangaike nacho mpaka akakiweza. Kisha akaonyesha viatu vyake.

Nilimwambia safari bado, ni mpaka tarehe mosi. Akasema hapana. Nikamvalisha. Ameshinda navyo tangu jana, amelala navyo, na kuvivua amekataa.

Dada yako